Daftari la Zahanati ya Chuo: Homa ya Mafua katika Chuo Kikuu cha Michigan, 1918–2013, na Maana Yake kwa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna Chuo Kikuu cha Michigan, nchini Marekani, kilivyohusika na juhudi za kuzuia homa ya mafua tangu mwaka 1918 hadi 2013. Hoja yake ni kwamba kilichokiwezesha chuo hicho kutambua kinga ipi inafaa, na hasa kutambua lini imeacha kufaa, ni mazoea ya kuwaandika na kuwahesabu wagonjwa wake, wakiwamo wale waliokuwa hawakupata kinga. Sehemu ya mwisho inaitazama hoja hiyo kwa kuzingatia hali ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2020.

Utangulizi

Katikati ya Machi 2020 vyuo vikuu vya Kenya, Uganda na Tanzania vilifungwa katika muda wa takriban wiki moja. Wanafunzi walifunga mizigo, wakapanda mabasi na kurejea makwao, wengi wao katika nyumba zenye wazee. Kwa jinsi habari zilivyokuwa siku zile, ni vigumu kuwalaumu waliotoa amri hiyo. Ugonjwa ulikuwa mpya na dawa haikuwapo. Hata hivyo mwanahistoria ana haki ya kuuliza swali moja: kama mkuu wa chuo angetakiwa kutoa ushauri mwingine, angeutoa kwa msingi gani? Angehitaji kujua ni wanafunzi wangapi huugua homa na kikohozi katika wiki ya kawaida ya Machi, wanalala bweni gani, na idadi hiyo imepanda au imeshuka kulinganisha na mwaka uliotangulia. Hesabu ya aina hiyo haitengenezwi siku ya hatari. Huwa imekwisha kuwekwa miaka mingi kabla, au haipo.

Korona si mafua. Lakini maradhi haya mawili hupita katika njia zinazofanana, na mengi ambayo dunia ilidhani inayajua kuhusu kuzuia maradhi ya njia ya hewa miongoni mwa vijana wanaoishi pamoja yalitokana na mafua. Sehemu kubwa ya maarifa hayo ilipatikana mabwenini, na kwa namna ya pekee katika mji mdogo wa Ann Arbor, kilipo Chuo Kikuu cha Michigan.

Vyuo vilivyogeuzwa kambi, 1918

Vyuo vya Marekani vilikutana na janga la mafua la mwaka 1918 katika wakati mbaya kuliko wote. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo, katika vyuo zaidi ya 500, wanafunzi wa kiume waliapishwa kuwa askari wanafunzi. Waliendelea na masomo huku wakilala na kula kijeshi. Kumbi na nyumba za wanafunzi zikajazwa vitanda safu kwa safu. Wimbi la pili la janga, ambalo ndilo lililoua zaidi, lilikuwa limekwisha kuingia katika kambi za jeshi tangu Septemba. Kwa hiyo dola iliwakusanya vijana wa rika lile lile lililokuwa likifa kwa wingi usio wa kawaida, ikawalaza pamoja katika majuma yale yale maradhi yalipokuwa yakipanda. Hadi mwisho wa vita, jeshi la Marekani lilikuwa limepoteza askari zaidi ya 40,000 kwa mafua na nimonia iliyoyafuata.

Si kila chuo kilichoumia sawa. Mwaka 2006 timu ya watafiti wa historia ya tiba wa Michigan, iliyoongozwa na Howard Markel, ilichapisha uchunguzi wa jamii saba za Marekani ambazo, kwa kumbukumbu zilizobaki, zilipoteza mtu mmoja tu au hazikupoteza yeyote katika wimbi lile. Mbili kati ya hizo zilikuwa vyuo: Princeton, katika jimbo la New Jersey, na Bryn Mawr, chuo cha wanawake cha Pennsylvania. Kuna waliozishika habari hizo kama uthibitisho kwamba kufunga malango kunatosha. Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Waliona kwamba baadhi ya jamii hizo ziliokolewa na upweke wa mahali zilipokuwa na uchache wa watu wake, na kwamba bahati haiwezi kuondolewa katika hesabu. Tahadhari hiyo ni ya kuheshimiwa, kwa kuwa vyuo vile vilibaki na habari za wachache waliougua, lakini havikuwa na njia ya kujua wangapi wangeugua kama malango yangeachwa wazi. Kundi la kulinganisha halikuwapo.

Jaribio la 1943

Kirusi cha mafua kilitengwa kutoka kwa binadamu kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1933. Thomas Francis, daktari Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kukitenga nchini mwake na ambaye mwaka 1940 alitambua aina ya pili iliyoitwa B, alihamia Ann Arbor mwaka 1941 kuanzisha idara ya epidemiolojia. Mwaka uliofuata alimpokea kijana aliyekuwa mwanafunzi wake huko New York, Jonas Salk, ambaye baadaye angejulikana dunia nzima kwa chanjo ya polio. Marekani ilikuwa vitani tena. Wakuu wa jeshi hawakuwa wameisahau 1918, na Francis alikabidhiwa uongozi wa tume ya jeshi iliyoshughulikia mafua.

Chanjo waliyoitengeneza ilitokana na kirusi kilichokuzwa ndani ya mayai ya kuku yenye kiinitete, kisha kikauawa kwa formalini. Ilikuwa na kirusi cha aina A na cha aina B. Kilichobaki ni kujua kama inamkinga mtu anayeishi maisha yake ya kila siku. Hapo ndipo vyuo vilipoingia. Jeshi lilikuwa limewapeleka maelfu ya askari vijana kusomea uhandisi, lugha na tiba katika vyuo vikuu, na katika majira ya mapukutiko ya mwaka 1943 watu wapatao 12,500 kati yao waliingizwa katika jaribio. Walikuwa Michigan, Minnesota, Iowa, California, New York na kwingineko. Mmoja alichomwa chanjo, na aliyemfuata katika mstari akachomwa maji yasiyo na chanjo. Waliochanjwa na wasiochanjwa wakarudi katika mabweni yale yale, meza zile zile na madarasa yale yale.

Mlipuko ulikuja haraka kuliko ilivyotarajiwa. Mafua ya aina A yalienea nchini Novemba na Desemba, wiki chache tu baada ya sindano kutolewa. Hesabu ilipokamilika, waliougua kati ya waliochanjwa walikuwa asilimia 2.22, na kati ya wasiochanjwa asilimia 7.11. Yaani hatari ilikuwa imeshuka hadi chini ya theluthi moja.

Takwimu hizo zimetajwa mara nyingi katika historia ya chanjo, na kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa maabara. Lakini maabara ilikuwa nusu tu ya habari. Askari mwanafunzi aliyepata homa hakuwa na hiari ya kujilalia chumbani akanywa chai ya tangawizi hadi apone. Alipaswa kuripoti, na akiripoti aliandikwa: jina, siku, joto la mwili. Chanjo ile ile, kama ingetolewa kwa watu 12,500 waliotawanyika mjini, kila mmoja akitibiwa na daktari wake au asitibiwe kabisa, isingethibitishwa kwa urahisi huo. Kilichoyafanya mabweni yawe hatari mwaka 1918, yaani msongamano na nidhamu ya kijeshi, ndicho kilichoyafanya yafae kwa uchunguzi mwaka 1943.

Jambo lingine halionekani mara moja. Kwa kuwa waliochanjwa walilala kando ya wasiochanjwa, huenda chanjo iliwapunguzia hatari hata wale walioikosa, kwa sababu jirani asiyeugua hamwambukizi mwenzake. Asilimia 7.11 basi yafaa isomwe kwa uangalifu. Inawezekana bweni lisilo na chanjo kabisa lingeumia zaidi.

Miaka miwili baadaye ikatokea nafasi ya kulinganisha ambayo hakuna mtafiti angeweza kuipanga. Katika majira ya mapukutiko ya 1945 jeshi la nchi kavu lilichanjwa lote, lakini jeshi la majini halikuchanjwa. Michigan ilikuwa na wanafunzi wa majeshi yote mawili. Mlipuko wa mafua ya aina B ulipopita chuoni, waliougua kati ya wanafunzi wa nchi kavu walikuwa karibu mmoja katika mia; kati ya wale wa majini, karibu kumi katika mia. Baada ya hapo walikuwapo wengi walioamini kwamba suala la mafua limekwisha.

Kushindwa kwa 1947

Halikuwa limekwisha. Katika majira ya kuchipua ya 1947 mafua ya aina A yaliingia tena Ann Arbor, na safari hii chuo kizima kilikuwa sehemu ya hesabu. Waliochanjwa walikuwa 10,328, na wasiochanjwa 7,615. Kati ya waliochanjwa waliugua asilimia 7.19, kati ya wasiochanjwa, asilimia 8.09. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba haikufaa kitu.

Francis na Salk, pamoja na mwenzao Quilligan, wangeweza kuyafukia matokeo hayo. Waliyachapisha mwaka huo huo. Chanjo haikuwa imeharibika wala haikuwa imechanganywa vibaya. Damu ya waliochanjwa ilikuwa na kingamwili za kutosha dhidi ya kirusi kilichokuwamo ndani ya chanjo. Kasoro ilikuwa kwamba kirusi kilichokuwa kikitembea nje hakikuwa tena kile. Sampuli iliyopatikana katika kambi ya Fort Monmouth, New Jersey, ilionyesha kwamba aina A ilikuwa imebadilika kiasi cha kutotambuliwa vyema na kingamwili za zamani.

Inafaa kuutazama mwaka 1947 kwa makini zaidi hata ya 1943. Mambo mengi ambayo leo yanachukuliwa kuwa kanuni ya kawaida, kama vile kuchunguza virusi vinavyozunguka kila msimu, kurekebisha chanjo, na kushirikiana kati ya mataifa katika kubadilishana sampuli, yalipata nguvu kutokana na kushindwa kule. Kituo cha dunia cha mafua kilianzishwa London katika kipindi hicho hicho, na mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani likaunda mtandao wa maabara ambao unafanya kazi hadi sasa. Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam zina vituo vilivyo ndani yake. Bila daftari la Ann Arbor, lenye wagonjwa wa pande zote mbili, chanjo iliyosifiwa mwaka 1945 ingeendelea kutolewa kwa imani. Wanafunzi wangeugua, na kila mmoja angedhani ni bahati yake mbaya.

Historia hii haipaswi kusimuliwa bila doa lake. Askari wanafunzi wa 1943 hawakuombwa ridhaa kwa maana inayoeleweka leo, waliamriwa. Tena, kabla ya kufika mabwenini, watafiti hao hao walikuwa wameijaribu chanjo kwa wagonjwa wa hospitali ya akili ya Ypsilanti, jirani na Ann Arbor, wakawapulizia kirusi cha mafua kwa makusudi ili kuona kama kinga inashika. Wagonjwa hao hawakuwa katika hali ya kukataa. Mshauri wa sera anayevutiwa na uzuri wa takwimu za Michigan hana budi kukumbuka kwamba sehemu ya uzuri huo ilitokana na watu wasiokuwa na sauti, na kwamba kamati za maadili za vyuo vya sasa zingezuia mengi ya yaliyofanyika, na zingekuwa sahihi.

Barakoa na kujitenga, 2007–2013

Baada ya hofu ya mafua ya ndege katika miaka ya 2000, swali lilibadilika. Ikiwa kirusi kipya kitazuka na chanjo yake ikachukua miezi kutengenezwa, chuo kifanye nini katika miezi hiyo? Katika msimu wa baridi wa 2006–2007, Allison Aiello na wenzake wa Michigan waligawa mabweni katika makundi matatu. Kundi moja lilivaa barakoa, la pili lilivaa barakoa na kusafisha mikono kwa dawa yenye alkoholi, na la tatu liliendelea kama kawaida. Wanafunzi walioshiriki walikuwa zaidi ya 1,400, kwa muda wa wiki sita.

Matokeo hayakuwa ya kupigiwa vigelegele. Kwa waliovaa barakoa na kusafisha mikono, maradhi yenye dalili za mafua yalipungua kwa asilimia 35 hadi 51 katika wiki ya nne hadi ya sita. Barakoa peke yake haikuonyesha tofauti ya kuaminika. Uchunguzi wa pili, msimu uliofuata, ulielekea upande huo huo. Yaliyopimwa yalikuwa hasa dalili, na waliothibitishwa kwa maabara kuwa na mafua walikuwa wachache mno kwa hitimisho la nguvu. Mwaka 2013 timu hiyo ilijaribu njia nyingine: wanafunzi wapatao 590 katika mabweni sita walishiriki, na baadhi yao wakaombwa wabaki chumbani siku tatu mara wanapoanza kuugua. Wazo hilo ni rahisi kutamka, lakini linakabiliwa na tabia ya kirusi chenyewe, kwani mgonjwa wa mafua huanza kuambukiza takriban siku moja kabla hajajisikia vibaya.

Kisumu na Machi 2020

Je, yote hayo yanaihusu vipi Afrika Mashariki? Kwanza kwa njia ya wazi kabisa. Mgonjwa wa kwanza wa mafua ya H1N1 kuthibitishwa nchini Kenya, mwishoni mwa Juni 2009, alikuwa mwanafunzi wa umri wa miaka 20 kutoka Uingereza, aliyefika Kisumu pamoja na kundi la wanafunzi wenzake. Kundi hilo liliwekwa karantini hotelini. Miezi miwili baadaye, muhula ulipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha jimbo la Washington, Marekani, wanafunzi zaidi ya 2,000 waliripoti dalili za mafua katika wiki chache. Chuo kile kiliweza kuitaja idadi hiyo kwa sababu kilikuwa na zahanati iliyopokea wagonjwa na simu zao, ikazihesabu siku kwa siku.

Pili ni kwa njia isiyo wazi sana. Mengi ya Michigan hayawezi kuhamishwa kama yalivyo. Msimu wa mafua wa Ann Arbor una mwanzo na mwisho. Katika nchi zilizo karibu na ikweta kirusi hicho huzunguka karibu mwaka mzima, kikipanda na kushuka. Shirika la Afya Duniani hutoa mapendekezo ya chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa nchi za kusini, na chuo kilicho Kampala au Dodoma hakiwezi kuchagua kati ya hayo mawili kwa kutazama ramani tu. Kinahitaji kujua mafua yake yenyewe hupanda mwezi gani. Isitoshe, chanjo ya mafua kwa kawaida haimo katika huduma anazopewa mwanafunzi wa kanda hii, kwa hiyo kinga yake hutegemea zaidi hewa, nafasi na maji.

Kuhusu nafasi, hesabu rasmi hudanganya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina neno la siku nyingi, kubebana, lenye maana ya mwanafunzi aliyepangiwa kitanda kumkaribisha mwenziwe aliyekosa. Orodha ya bweni huonyesha watu wawili chumbani, usiku wakalala wanne. Mpango wowote wa kumtenga mgonjwa siku tatu chumbani mwake, kama ule wa 2013, huanguka papo hapo, kwa sababu chumba si chake na wanaolala humo hawamo katika orodha. Anayebebwa naye ana sababu nzuri ya kutosema anaumwa, maana akiandikwa bweni lake atajulikana mahali alipo. Watunga sera wanaodai kuwa wanafunzi hawapendi kwenda zahanati wangefanya vyema kulifikiria jambo hilo kabla ya kulaumu uzembe. Madirisha mapana ya mabweni ya kitropiki, yaliyojengwa kwa ajili ya upepo, ni kinga ambayo Ann Arbor ya Januari haina. Lakini dirisha lililozibwa kwa pazia na nguo za watu wanne halipitishi upepo uliokusudiwa.

Tarehe 1 Juni 2020 vyuo vya Tanzania vilifunguliwa tena. Ndoo za maji na sabuni ziliwekwa malangoni.

Daftari linalozungumziwa hapa halihitaji mitambo. Safu nne zinatosha kuanzia: tarehe, bweni analolala mgonjwa kweli, homa ipo au haipo, kikohozi kipo au hakipo. Jina linaweza kubaki katika jalada la matibabu, lisifike kwa msimamizi wa mabweni. Bila ahadi hiyo, safu ya pili itajazwa uongo. Sampuli chache kila wiki, zikipelekwa katika kituo cha mafua cha taifa, zingeonyesha ni homa ngapi kati ya hizo ni mafua hasa, na ngapi ni malaria au kitu kingine. Kikwazo kikubwa zaidi kinaweza kutoka upande usiotarajiwa. Mwanafunzi anayetaka kuahirisha mtihani huhitaji cheti cha daktari, kwa hiyo wiki za mitihani huijaza zahanati watu ambao wiki nyingine wangejitibu kwa panadoli ya dukani. Mstari wa wagonjwa utapanda kila mwisho wa muhula, mafua yawepo au yasiwepo. Itachukua angalau miaka miwili au mitatu ya kuandika bila kukatiza kabla chuo hakijaweza kuutenganisha mlipuko wa ugonjwa na msimu wa vyeti.